Re: Benki inaweza kuuza nyumba ya baba wiki ijayo?

Pole sana dada. Kama baba hajalipa loni miezi 2 tu, benki hawawezi kuuza nyumba wiki ijayo, si hapa Kenya. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema akikosa kulipa mwezi mzima ndio wamwandikie notisi ya miezi 3 alipe, ikiisha inakuja ingine ya siku 40 ya kuuza, na mamako kama alisaini kukubali loni lazima naye apewe nakala, halafu dalali wa mnada anatoa notisi yake ya siku 45. Angalia tarehe kwa kila barua na bahasha msitupe, ile stampu ya posta ni ushahidi. Pia nyumba lazima ithaminiwe kabla ya mnada. Tafadhali muone wakili kesho asubuhi, usingoje.