Daftari na kufuli kwenye msumari mmoja

Kila Januari fremu za maduka za mtaani kwetu Mbagala, Dar es Salaam, hupata wapangaji wapya. Kijana kapewa mtaji na kaka yake, dada kapokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana fedha, mzee kastaafu na kiinua mgongo hakijapoa. Wengi hupita kwangu kuuliza bei za jumla, na ukikaa nao kidogo wanakutolea karatasi: mwaka huu mtaji ufike milioni 10, mwaka huu friji, mwaka huu tawi la pili.

Siwacheki. Mimi yangu niliandika kwenye manila, kwa kalamu nyekundu ya wino mzito, nikaibandika nyuma ya kaunta. Mwezi Machi muuzaji wa soda alikuja akabandika tangazo lake juu yake. Niligundua Juni.

Manila ile haikuwa na uongo wowote. Shida ni kwamba haikuwahi kuniambia nifanye nini Jumanne saa tatu usiku, nimechoka, chenji imekwisha, na mtoto wa jirani kasimama dirishani anataka unga nusu kilo, "mama kasema atakupa kesho". Na duka, mdogo wangu, linajengwa au kubomoka kwenye saa hizo.

Nilipoachana na manila nikakimbilia kosa la pili. Nikanunua daftari kubwa, nikachora safu nane, kila kiberiti kinachotoka kiandikwe. Nilidumu siku nne. Ndipo nikapunguza mpaka nikaona aibu: kabla ya kufunga, nahesabu fedha za droo, naandika tarakimu moja na tarehe. Basi. Baada ya wiki mbili nikaongeza ya pili, fedha zilizoingia kwa simu, maana lipa namba inasahaulisha. Unafurahia meseji, jioni hujui ni mauzo au ni shemeji karudisha deni. Baadaye nikaongeza thamani ya kilichotoka bila kulipiwa. Nimebaki na hizo tatu hadi leo, na hazinichukui dakika tano.

Daftari nililitundika kwenye msumari uleule wa kufuli. Siwezi kufunga duka bila kuligusa. Usitegemee kukumbuka, kwa sababu saa tatu usiku kichwa kinawaza wali tu.

Mwezi wa kwanza uliokamilika ulinivunja moyo. Nilikuwa nimezoea kuwalaumu wadeni. Nikajumlisha: madeni yote ya mtaa hayakufika nusu ya kile tulichokula sisi wenyewe. Sabuni ya nyumbani, vocha, soda ya mgeni, mafuta ya kupimia "kidogo tu", na mimi mwenyewe na karanga zangu. Hakuna aliyeiba. Tulikuwa tunalichuma duka kama mchicha wa uani. Tangu siku hiyo kinachokwenda nyumbani kinaandikwa kama cha mteja mwingine yeyote, na mama watoto, ambaye mwanzoni alinuna, sasa ndiye mkali kuliko mimi.

Sukari nayo ilinifundisha. Mfuko wa kilo 50 ukiuuza kwa kilo utapata karibu zote. Ukiuuza kwa robo, kila mkono wako unapozidisha punje chache, mfuko unaisha kabla ya hesabu. Watu watakuambia haba na haba hujaza kibaba, na ni kweli. Kibaba chenyewe kilikuwa kipimo cha dukani, vinne vinatimiza pishi, ile tunayoitaja kila Ramadhani kwenye zaka ya fitri. Ila haba hizohizo huondoka pia, na zinapoondoka huoni kwa macho. Unaona kwenye daftari.

Kuhesabu mali ya duka zima mwisho wa mwaka ni kazi ya kumlaza mtu chini. Mimi nahesabu rafu moja kwa siku, asubuhi, kabla wateja hawajashika kasi. Jumatatu sabuni, Jumanne unga na mchele, hivyohivyo mpaka Jumapili. Wiki ikiisha nimelizunguka duka lote. Kwa njia hiyo nilikuta makopo ya maziwa ya unga yamebakiza siku chache kuisha muda, yamejificha nyuma ya mapya. Nikayauza kwa bei ya kununulia, hasara ikawa ndogo.

Kodi ya fremu ndiyo inayowaangusha wageni wengi. Tuseme mwenye nyumba anataka 100,000 kwa mwezi na hupokea ya miezi sita kwa mkupuo. Laki sita ni mlima. Lakini igawe kwa siku 180, ni kama 3,334. Mimi ningeweka 3,500 kila usiku nikishaandika zile tarakimu, na siku ya kulipa ninazo 630,000. Zisikae kwenye droo. Zangu zinaingia laini nyingine ambayo namba ya siri anaijua mke wangu, mimi sijui na sitaki kujua.

Ya kodi ya serikali sitayaeleza sana, viwango hubadilika bungeni. Jua tu kwamba TRA, mamlaka ya mapato, humtofautisha mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu na asiye nazo, na ukiambiwa umeuza usichouza, daftari lako ndilo litakalozungumza.

Kuna siku utaruka. Mimi niliugua malaria, wiki nzima duka likashikwa na mpwa wangu, hakuandika hata mstari. Nilipopona nikakaa nijaze siku zile kwa kukisia, nikajaza vizuri kabisa, na mwezi ule haukunisaidia chochote kwa sababu ulikuwa hadithi. Siku hizi naandika "sikuandika", naendelea na ya leo. Nachohofia ni kuruka usiku wa pili mfululizo. Huo nikiusikia unakuja, naandika hata kama ni tarakimu moja kwa mwanga wa simu, nimesimama mlangoni.

Ukienda kununua vitu vya kuanzia, chukua kaunta buku ya kawaida, isiwe ya gharama, na kalamu mbili. Kalamu moja ifunge kwa uzi kwenye daftari. Nyingine wateja wataiazima na kuondoka nayo.