Maswali ya Wasomaji: Wakili wa Gettysburg alifikaje Bungeni?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika ofisi ya wakili hapa Masindi na ninatazamia kugombea udiwani. Redioni nilimsikia Thaddeus Stevens akitajwa kuwa wakili wa mji mdogo aliyefikia kuwa Spika wa Bunge la Marekani. Je, alisomea sheria wapi, na uwakili ulimfaa nini katika kutunga sheria?

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza turekebishe: Stevens hakuwahi kuwa Spika wa Bunge hilo. Nguvu zake zilitoka kwenye kamati, hasa ile ya fedha ya Baraza la Wawakilishi, ambayo aliiongoza tangu 1861 hadi 1865, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe.

Alizaliwa Vermont mwaka 1792, mguu wake mmoja ukiwa umepinda, akahitimu chuo cha Dartmouth mwaka 1814, kisha akaenda kufundisha katika mji wa York, Pennsylvania, huku akisoma sheria kwa wakili mwenyeji. Zama hizo mawakili wengi hawakupitia chuo kama LDC yetu ya Kampala, kituo kinachowaandaa mawakili wa Uganda. Kijana alijifunza ofisini kwa wakili, akikaa na vitabu vyake, kama ufanyavyo wewe. Mawakili wa York walipoweka kanuni ya kumzuia mtu aliyekuwa na kazi nyingine wakati wa masomo, Stevens alikwenda Bel Air, katika jimbo jirani la Maryland, akatahiniwa huko mwaka 1816 na kupasi. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba watahini walidai chupa za mvinyo kabla ya maswali yenyewe, jambo ambalo sikushauri ulijaribu Masindi. Mwaka huohuo akafungua ofisi Gettysburg, mji mdogo wa Pennsylvania.

Kesi ninayoiona kuwa nzito kuliko zote katika maisha yake ni ya 1821. Sheria ya Pennsylvania ya 1780 ilimpa uhuru mtumwa aliyeletwa jimboni na kukaa zaidi ya miezi 6. Charity Butler, mtumwa kutoka Maryland, aliyekuwa akiletwa na kurudishwa, alidai kwamba vipindi alivyokaa vikijumlishwa vinapita muda huo. Stevens, akimwakilisha mwenye mtumwa, alishikilia kwamba miezi hiyo lazima iwe mfululizo. Mahakama Kuu ya jimbo ikakubaliana naye, na Butler akabaki mtumwa. Kwa ufundi ulikuwa ushindi safi. Kwa utu, sioni cha kujivunia. Baadaye aligeuka kabisa, akawatetea watoro wa utumwa mahakamani, na mwaka 1851 alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi katika kesi ya Christiana, kijiji cha Pennsylvania, iliyotokana na watu kuwapinga kwa silaha waliokuja kuwakamata watoro.

Aliingia Bunge la Pennsylvania mwaka 1833. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria ya shule za umma zinazolipiwa kwa kodi, nayo ikazua hasira kiasi kwamba Seneti ya jimbo ilipiga kura ya kuifuta. Tarehe 11 Aprili 1835 Stevens alisimama Harrisburg, makao makuu ya jimbo, kuitetea, na ufutaji ukashindikana. Wanaokumbuka mabishano yetu ya mwaka 1997, UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote hapa Uganda, ilipoanza, wataelewa kelele za walipa kodi wale.

Mwaka 1842 alihamia Lancaster, na kutoka huko akachaguliwa katika Bunge la taifa, alikokaa 1849 hadi 1853, kisha tena kuanzia 1859. Hapo ndipo uwakili ulipomfaa zaidi. Mtu aliyewahi kumbakiza binadamu utumwani kwa tafsiri ya miezi 6 alijua thamani ya kila neno katika sheria, na mwaka 1866 alikuwa miongoni mwa waliosukuma Marekebisho ya 14 ya Katiba, yanayowapa uraia wote waliozaliwa Marekani na walio chini ya mamlaka yake, pamoja na ulinzi sawa wa sheria. Hayakumridhisha, aliwaambia wenzake kwamba anayakubali na kasoro zake kwa kuwa anaishi miongoni mwa wanadamu, si malaika. Yaliidhinishwa Julai 1868, naye akafariki tarehe 11 Agosti mwaka huohuo, akiwa bado mbunge.