Wakili wa Moshi Anayetafuta Kazi Uingereza

SWALI: Nimekuwa wakili Moshi kwa miaka sita. Mume wangu amepata kazi Manchester nami namfuata. Nimeomba kazi za msaidizi wa kisheria mara nyingi bila kujibiwa. Je, sifa zangu hazina thamani huko? – Msomaji, Moshi

JIBU: Dada yangu, zina thamani, ila nadhani hazielezwi vizuri. Kwetu msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, huwaelekeza wananchi kuhusu mirathi au mgogoro wa shamba. Huko ni mwajiriwa wa ofisi ya mawakili anayepanga majalada, kuandika rasimu na kufuatilia tarehe za mahakama, wala hahitaji leseni ili kuitwa hivyo. Kwa hiyo usiutangulize uwakili, maana mwajiri ataogopa kwamba utaondoka mapema. Tanguliza hati za madai ulizoandika, mikataba uliyoipitia na mashahidi uliowaandaa, ukikumbusha kwamba mfumo wetu wa sheria umetokana na wa Kiingereza. Sema wazi pia kwamba viza yako inakuruhusu kufanya kazi, ikiwa ndivyo.

Ukitaka kurudi kwenye uwakili, jiandae kwa SQE, yaani mtihani wa kufuzu uwakili (solicitor) huko, ulioanza 2021. Wewe uliyekwisha kusajiliwa hudaiwi ile miaka miwili ya uzoefu inayodaiwa wengine. Hati ya kuthibitisha kwamba uwakili wako hauna doa, tafadhali, ichukue kabla hujapanda ndege KIA, kwa kuwa kuifuatilia ukiwa mbali kunachosha sana.