Barua kwa Mwanangu: Sukari ya Mjomba Salehe

Mwanangu Idrisa,

Barua yako nimeipokea, na swali lako nimemsomea baba yako, ambaye alicheka kidogo kisha akarudi kwenye redio yake. Unauliza kama ukichukua uraia wa Marekani, baada ya miaka yote hiyo ya kazi ya hospitali huko Houston, nitakuhesabu kuwa umeiuza nchi kwa ajili ya dola. Kabla sijafika huko, acha nikukumbushe habari ya mjomba wako Salehe na sukari, kwa sababu kila uzalendo na fedha vinapotajwa pamoja, sura inayonijia ni yake.

Mjomba wako unamjua. Hajawahi kumiliki pasipoti, na katika ukoo wetu hakuna aliyeipenda nchi kwa sauti kubwa kumzidi yeye. Alilihifadhi Azimio la Arusha kama watu wanavyohifadhi sura za msahafu, hasa pale panaposema kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Mwaka 1979, vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda vilipokwisha na Mwalimu Nyerere akatutaka tufunge mkanda kwa miezi 18, Salehe ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la ushirika hapa mtaani kwetu Morogoro. Nilikuwa nimetoka kumzaa dada yako Mwanahamisi, nikaenda kuomba kilo moja tu ya sukari ya uji wa uzazi. Kaka yangu wa tumbo moja alinitazama kwa juu ya mizani, mbele ya foleni nzima, akasema kwamba vijana wetu wamekufa wakimfukuza Amin, na kwamba mama mzalendo hunywa uji wa chumvi. Foleni ikapiga makofi! Nilikwenda kuunywa huo uji wa chumvi, na ladha yake bado ninayo mdomoni.

Ndiyo maana husema, nanyi hunicheka, kwamba anayeitaja nchi kabla ya kutaja bei, kagua mizani yake.

Mwaka 1983, Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi, yaani walioficha bidhaa na kuzilangua, mji ulishikwa na ukarimu wa ghafla. Watu waliokuwa wakiapa kwamba hawana hata kibiriti walitoka usiku kwenda kutupa marobota ya khanga na katoni za sabuni vichakani, na waliopita asubuhi hawakuthubutu kuokota, maana kukutwa nazo ilikuwa kesi. Usiku mmoja Salehe akagonga mlango wetu, gunia la sukari begani na jingine kwenye baiskeli, akinong'ona, “Dada, nimeleta zawadi ya mtoto.” Mtoto mwenyewe alikuwa anakaribia miaka minne. Nilipomuuliza sukari hiyo ilikuwa wapi siku zote, aliapa kwamba hakuificha, bali alikuwa akiitunza kwa niaba ya taifa.

Gunia nililikataa. Nilichukua kibaba, nikapima kiasi cha kilo ileile niliyonyimwa, nikamhesabia shilingi zake kwa bei ya serikali, kisha nikamwomba risiti. Laiti ungekuwapo uione sura yake chini ya mwanga wa koroboi! Iliyobaki aliimwaga mtoni, na samaki wa Mto Morogoro wakapata walichokikosa wazazi.

Sokoine alipofariki kwa ajali pale Dakawa, tarehe 12 Aprili 1984, hakuna aliyelia kumzidi Salehe. Hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu, kwa sababu yale hayakuwa machozi ya uongo. Nadhani nchi aliipenda kweli, ila aliipenda kama mali yake mwenyewe, ndipo akaona uzito kuigawa. Hata Mzee Mwinyi alipokuwa rais na enzi za ruksa, za biashara huria, zilipofika, alifungua duka lake, akachora bendera ya taifa mlangoni, na chini yake akaandika kwamba leo ni fedha taslimu.

Wewe fedha unaipenda, usinikatalie. Ulipotuma za kuezekea nyumba hii ulidai risiti ya kila bati, hata fundi akanuna. Lakini hukuniambia hata mara moja kwamba unaezeka kwa ajili ya taifa; ulitaja bei kwanza, na mizani yako sijaona kasoro. Je, hiyo ndiyo idhini? Sikusema hivyo. Sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ukiuchukua wa huko wa hapa umekwenda, na mimi nikifikiria mwanangu akiomba viza ili aje kunizika, moyo unakataa. Kisha nafikiria tena kwamba Salehe hakuhitaji viza ya kuja kuninyima sukari. Ningekuwa na la kukuambia waziwazi, na liko hapa kwenye ncha ya ulimi, lakini baba yako amenikataza kukuamulia, na safari hii nitamtii.

Ila kabla hujajaza fomu yoyote, rudi kwanza tuhamishe hati ya shamba la Dakawa iwe kwa jina la dada yako, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipotungwa haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na mabadiliko ya baadaye sitaki kuyabahatisha. Na mjomba wako asijue lolote, maana akisikia tu, atajitolea kulitunza kwa niaba ya taifa.

Mama yako