Re: Nani watagombea ubingwa, na Namungo yetu je?

Mkuu, umeuliza nani watagombea ubingwa wa Ligi Kuu Tanzania Bara na Namungo itaishia wapi. Ubingwa usikuumize kichwa. Tangu Mtibwa Sugar watwae mwaka 2000, aliyepenya katikati ya Simba na Yanga ni Azam peke yake, msimu wa 2013/14, tena bila kufungwa mechi hata moja. Kwa hiyo mimi naweka hao watatu, Yanga mbele kidogo.

Namungo, timu ya Ruangwa, Lindi, ndiyo inayoniuma. Mnaosema nne bora mnakumbuka 2019/20, walipopanda tu Ligi Kuu wakamaliza wa nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania, wakafungwa na Simba 2-1. Msimu huohuo Ndanda yetu ya Mtwara ikashuka, nikabaki nashangilia ya jirani!

Usitabiri kwa majina ya usajili. Angalia kipa na mabeki wa kati wamebaki wangapi, halafu hesabu pointi za nyumbani. Mechi za nyumbani ni 15. Asiyeokota pointi 30 pale Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, nne bora aisahau. Mimi Namungo nawapa nafasi ya sita au ya saba. Wa Lindi mnitukane taratibu.