Muulize Fundi wa Saa: Hiyo ya babu usiipige polishi

Swali: Shikamoo fundi. Babu yangu alikuwa karani bandarini Kilindini. Alipostaafu 1967 wenzake walimchangia, wakampa Omega Constellation ya chuma, na mgongoni, kuzunguka ile nembo, wakamchorea jina na mwaka. Sasa imenifikia mimi. Sonara mmoja ameniambia kwamba bila boksi na karatasi hiyo ni saa kuukuu tu, si vinteji. Lakini yuko tayari kunisaidia: afute maandishi, aipige polishi, aupake uso upya, kisha anitafutie mnunuzi. Vinteji ni nini hasa? Na nimpe? *Mjukuu wa karani, Changamwe*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usimpe. Na kama umeshamwachia, funga gazeti hili uende ukaichukue, mengine utayasoma jioni.

Nianze na miaka, maana ndiyo watu huuliza kwanza. Hakuna sheria. Wauzaji wengi huanza kuita saa vinteji ikifika miaka 25 au 30, na ikigonga 100 wanaihamishia kwenye antiki. Wapo wakaidi, na mimi nina damu yao kidogo, wanaochora mstari siku ya Krismasi ya 1969. Siku hiyo Seiko waliiuza Tokyo saa yao ya Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi (ya betri inayotetemesha kijiwe) kufika dukani, kwa yen 450,000, pesa ya kununulia gari dogo. Haikuchukua miaka mingi betri ikawatia Waswisi adabu. Kazi za saa kule, zilizokuwa kama 90,000, zikashuka hadi kama 30,000. Kwa hiyo saa ya kutia ufunguo au ya otomatiki iliyotoka kabla ya dhoruba ile ina uzito wake kwa watu wa kazi yetu. Ya babu yako inapita kwa hesabu yoyote utakayochagua.

Lakini miaka inakufikisha barazani tu. Hata sufuria yangu ya chai ina miaka 40. Ninachotafuta mimi nikiweka kile kioo changu cha jichoni ni kama vitu vya saa hii vilizaliwa pamoja. Uso, mishale, mashine, bodi (lile gamba la chuma), kioo, kichwa cha kutilia ufunguo: je, ni ndugu wa tumbo moja, au ni wapangaji waliokutana kwa fundi?

Nimekaa na picha zako tatu. Uso umekunjwa pembezoni kwa pande kumi na mbili, kama sinia ndogo iliyofunikwa. Mfano huo Omega waliutumia sana kwenye Constellation za miaka ya 1950 na 1960. Kichwa cha kutilia ufunguo kina pande kumi, si mduara. Hicho nacho ni chenyewe, na wengi hukipoteza kwa sababu kikilika fundi hubandika chochote alicho nacho kwenye kopo. Nembo ya mgongoni, ile nyumba ya kuangalia nyota yenye nyota nane juu yake, bado imesimama, na kingo za miguu ya bodi, pale mkanda unaposhikia, bado kali. Maana yake haijapita kwenye mashine ya polishi hata mara moja, au imepita mara moja tu. Chuma kikishasagwa hakirudi. Bodi iliyopigwa polishi mara tatu inakuwa na mabega ya mviringo kama sabuni ya kuogea, na mkusanyaji anaiona kabla hujamkabidhi.

Kitu kimoja picha hazionyeshi. Chukua kioo cha kukuzia, uangalie katikati kabisa ya kile kioo cha plastiki, kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona alama ya Omega ndogo kama mbegu ya ufuta, kioo ni cha kiwandani. Usipoiona, usilie, vioo hubadilishwa, na hilo linasameheka.

Kisichosameheka ni uso kupakwa upya, na nakwambia kama mtu aliyetenda. Miaka ya themanini nikiwa kijana wa meza ya nyuma, mzee mmoja kutoka Lamu alileta Constellation yake, uso mweusi. Alikuwa ameitega kwa hesabu yetu: jua likizama, mishale yote miwili iko juu kwenye kumi na mbili. Mimi nilitakiwa kusafisha mashine tu. Nikaona uso umegeuka kahawia, nikamwonea huruma, nikaupeleka kwa fundi wa rangi, ukarudi mweusi ti. Herufi zilikuja nene kidogo, kama zimeandikwa kwa makaa, na vistari vya dakika havikukaa sawa na alama za saa. Mzee aliigeuza, akaitazama sana, akaniuliza, "Na lile doa langu la karibu na tatu?" Sikuwa na jibu. Alilipa, akaondoka.

Leo uso mweusi uliogeuka chokoleti kwa jua unalipiwa zaidi ya ule uliobaki mweusi. Jua letu linapika rangi pole pole, na hakuna nyuso mbili zinazoiva sawa. (Unyevu wetu ni jambo jingine. Ukungu na kutu ni ugonjwa, asikudanganye mtu kuwa ni urembo.)

Boksi na karatasi? Zinapandisha bei, na ukiwa nazo usizitupe. Ila haziifanyi saa kuwa ya kale wala kuwa ya kweli. Boksi la zamani linauzwa peke yake.

Halafu hayo maandishi. Mwaka 2017, mnada wa Phillips mjini New York uliuza Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman kwa zaidi ya dola milioni 17.7. Mgongoni mke wake, Joanne Woodward, alikuwa amemchorea maneno ya kumwambia aendeshe gari kwa uangalifu. Sisemi jina la karani wa Kilindini litakuletea mamilioni hayo. Nasema hakuna aliyewaza kuyafuta yale ya Newman. Kuna watu watakaopunguza bei kwa sababu ya jina la babu, na kuna wengine wanaotafuta saa yenye jina na mwaka, kwa sababu ile 1967 ni ushahidi ambao hakuna risiti iliyobaki ya kuutoa. Mtu wako ni huyo wa pili.

Ifunguliwe na fundi anayejua kazi, isafishwe, itiwe mafuta. Ndani ina namba. Kwa Omega, namba ya tarakimu nane inayoanza na 20 ni ya takriban 1963, na inayoanza na 24 ni ya kuelekea 1967. Mwambie akuonyeshe. Usiivae kuogelea, hata kama zamani haikuwa ikiingiza maji; mipira ya kuzuia maji imeshakauka.

Swali: Fundi, assalamu alaykum. Marehemu baba alitoka Unguja akahamia Maskati mwanzoni mwa miaka ya sabini, akafanya kazi serikalini. Ameacha Rolex yenye picha ya hanjari usoni. Shemeji anasema Rolex haina jambia, kwa hiyo ni feki. *Bint Unguja, Maskati*

Jibu: Wa alaykum salaam dada yangu. Shemeji yako anajua Rolex za dukani tu. Sultan Qaboos alipotawala kuanzia 1970, ziliagizwa saa kadhaa zenye nembo ya Oman usoni, hanjari na panga mbili zilizopishana, kwa ajili ya zawadi. Nyingi zilipitia duka la Asprey la London, na waliopewa ni pamoja na maofisa wa Kiingereza waliotumikia huko. Kati ya aina za Rolex, Submariner zipo, Sea-Dweller zipo, Daytona pia.

Lakini sasa ndipo ninapogeuza maneno niliyomwambia mjukuu wa karani. Kwako wewe karatasi ni nusu ya saa. Hanjari moja inapandisha bei sana, na mtu akiwa na uso wa kawaida na mchapaji mzuri, anaitia jana ikauzwa leo. Jicho langu peke yake halitoshi kwa hiyo, na sitakudanganya kwa kuangalia picha ya simu. Tafuta barua ya kazi ya baba, picha yake akiwa ameivaa, hata bahasha. Weka pamoja na saa, na usimruhusu mtu abadilishe uso "kwa sevisi". Uso mpya ukiingia, hanjari inabaki kwenye droo ya mtu mwingine.

Swali: Kaka, nimenunua saa Kariakoo, vitone vya usoni na mishale vina rangi ya samli kabisa. Muuzaji kaniapia ni vinteji ya miaka ya sabini. Gizani inawaka hadi alfajiri. Nimepata bahati? *Juma wa Mbagala*

Jibu: Juma, hiyo ya alfajiri ndiyo imekuumbua. Saa nyingi za Uswisi za miaka ya sabini zilipakwa rangi ya kung'aa yenye tritiamu, kitu chenye mionzi, na nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila miaka 12 na ushei. Baada ya miaka 50 imebaki kama majivu ya jikoni: ukiimulika na tochi huenda ikang'aa kidogo, kisha inazima. Inayowaka usiku kucha ni rangi ya kisasa, ambayo siku hizi viwanda huipaka makusudi ikiwa tayari na rangi ya samli. Tazama chini, penye sita. Tritiamu kwa kawaida ilitambulishwa kwa herufi T pembeni ya neno "Swiss" (Uswisi), hadi mwishoni mwa miaka ya tisini ilipoachwa. Kama hamna T, una saa mpya iliyovaa kanzu ya babu yake. Si dhambi, ila bei iwe ya saa mpya.

Na siku ukipata ya kabla ya miaka ya sitini, yenye vitone vya kahawia vinavyomomonyoka, usiikwangue. Hiyo ni radiamu, rangi ya zamani yenye mionzi mikali. Haiwaki tena kwa sababu unga wake wa kung'aa umechoka, lakini mionzi iko pale pale. Nusu yake huchukua miaka 1,600 kuisha. Wasichana waliopaka nyuso hizo New Jersey wakichonga brashi kwa midomo, baadhi yao walikufa kwa kazi hiyo.

Swali: Cartier Tank ya mama, ya betri, ya 1985. Ni vinteji? Iko kabatini tangu 2009. *Bi. R., Tanga*

Jibu: Ndiyo, dada, hata kwa betri, ingawa wakaidi wenzangu watanuna. Umbo la Tank ni la 1917, lakini umbo halihesabiki. Hata ile ya mwaka jana inalo. Kinachohesabika ni kwamba yako ni ya 1985 kweli. Sasa betri ya 2009 ingali ndani? Kaitoe leo, kabla haijamwaga maji yake makali kwenye mashine.