Maswali yenu: gesi ya mapafu, IRM na wachuuzi wa Lubumbashi

Docta, mchuuzi ameniletea dawa ya kontrasti (ya kung'arisha picha) "ya mapafu" kwa ajili ya IRM (mashine ya picha kwa sumaku). Nichukue katoni ngapi? (Mwenye dispensari, Kampemba)

Hata chupa moja usichukue. Soma lebo, Papa. Ukikuta gadolini, metali ya kontrasti, hiyo ni dawa ya kuchomwa mshipani. Iko sokoni tangu miaka ya 1980, nayo hufuata damu, haifuati pumzi. Ya kuonyesha hewa inafika wapi ndani ya pafu ni kitu kingine kabisa: gesi ya zenoni-129. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa kibali Desemba 2022, kwa jina la Xenoview, kutoka kampuni ya Polarean. Haiji kwa katoni.

Basi nikiagiza mtungi wa zenoni, si IRM yetu itafanya kazi? (Fundi wa radio, yaani eksirei, komini ya Kenya)

Haitafanya. Hapa ndipo wengi wanaliwa franga zao, kwa hiyo nitarefusha.

IRM ya kawaida inasikiliza haidrojeni, ambayo mwilini iko hasa kwenye maji na mafuta. Pafu limejaa hewa, ndiyo maana linatoka jeusi. Zenoni ya mtungi nayo iko kimya vilevile. Lazima kwanza iamshwe: leza inawaka juu ya mvuke wa metali ya rubidi, rubidi inagusana na zenoni, na viini vya zenoni vinaelekezwa upande mmoja hadi sauti yake inapanda maelfu ya mara. Kisha gesi inatiwa kwenye mfuko, mgonjwa anavuta, anabana pumzi sekunde 10 hadi 15, picha inapigwa. Nguvu hiyo inaisha upesi, na oksijeni ya mapafuni inaimaliza haraka zaidi. Huwezi kuiamsha Johannesburg ukaipakia ndege ya jioni. Mashine ya kuiamsha lazima iwe hospitalini, IRM iwe na uwezo wa kusikiliza zenoni, na mgonjwa avalishwe kizibao maalumu cha kunasa mawimbi. Anayekuuzia gesi bila hivyo vitatu anakuuzia mtungi.

Kati ya radio na IRM, ipi bora kwa kifua?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Anza na radio.

Bwana wangu alichimba Kipushi miaka mingi, anakohoa na kupungua. Kuna mtu anasema tuuze parseli (kiwanja chetu) tumpeleke nje kwa IRM ya zenoni. (Mama J., Katuba)

Mama, parseli isiuzwe. Peleka makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine ya kutafuta kifua kikuu, kisha radio ya kifua, naye amwambie docta alichimba nini, wapi, miaka mingapi. Vumbi la mawe linaleta silikosisi, yaani makovu ya mapafu, na mwenye silikosisi kifua kikuu kinampata kwa urahisi zaidi. Picha ya zenoni ingekuonyesha sehemu ambazo hewa haifiki. Haitakuambia kama kuna bakteria wa kifua kikuu, na hicho ndicho mnachohitaji kujua wiki hii. Huyo "mtu" mwulizeni analipwa na nani.

Viwanda vya shaba hapa vina mitambo ya oksijeni, na zenoni iko hewani. Kwa nini tusiitoe wenyewe na kuuza? (Mfanyabiashara)

Hatimaye swali lenye mayele! Ni kweli, zenoni hutolewa hewani pamoja na oksijeni. Lakini ili upate mita 1 ya ujazo, unahitaji zaidi ya mita milioni 11 za hewa. Mitambo inayojisumbua kuikusanya ni mikubwa mno, mingi ikihudumia viwanda vya chuma, na inahitaji minara ya ziada ya kuitenganisha. Kisha jiulize nani atanunua. Viwanda vya chipu na injini za setilaiti ndio wanaotangulia kwenye foleni, hospitali iko nyuma. Watafiti wa mapafu waliwahi kuonja hilo: walikuwa wakitumia heliamu-3, aina adimu ya heliamu inayotokana na tritiamu (haidrojeni yenye mionzi) ya silaha za nyuklia. Baada ya 2001 Marekani ikaanza kuimimina kwenye vifaa vya kunasa mionzi mipakani, ikapungua, na wengi wakahamia zenoni. Soko hili halijawahi kupangwa kwa ajili ya mwenye kikohozi.

Dada yangu alichomwa kontrasti ya IRM bila kupimwa figo. Ni sawa?

Si sawa. Dakika moja ya kuuliza kuhusu figo haimchoshi mtu, na mwenye shida hapimwi kreatinini (kipimo cha damu cha figo) baada ya sindano, hupimwa kabla. Aina za zamani za gadolini zimehusishwa na ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa wenye figo zilizochoka, na Ulaya ilisimamisha baadhi yake mwaka 2017, kwa kuwa mabaki yake hubaki ubongoni. Muulize aliyemchoma jina la dawa, liandikwe kwenye karatasi ya dada yako.

Nina mtungi wa heliamu ya kujazia puto. Naweza kuuzia hospitali kwa IRM ya mapafu?

Hiyo ni heliamu-4, IRM haiisikii hata ukiiamsha usiku kucha, na anayeivuta mtungini anaweza kukosa hewa akafa. Wauzie wapambaji wa arusi.